Wembe, mistari au intaferomita: njia ipi ikufae kupima kioo cha darubini

Kioo cha darubini chenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi wa mita 1, yaani f/5 (fokasi ni mara tano ya kipenyo), kinatakiwa kiwe na umbo la parabola. Ukikilinganisha na tufe linalogusana nacho katikati, tofauti yao pembezoni ni mikromita 1.56 tu, wakati unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Na ndani ya tofauti hiyo ndogo hutakiwi kukosea ovyo. Bonde au kilima cha nanomita 69 juu ya uso wa kioo kinatosha kukufikisha kwenye mpaka aliouweka mwanafizikia Rayleigh, ambao ukiuvuka picha huanza kuharibika, kwa sababu mwanga unapoakisiwa kosa hilo hujirudia mara mbili na kuwa robo ya urefu wa wimbi la mwanga wa kijani.

Hapa Mtwara tumekuwa na vijana wanaosugua vioo kwa mkono, na swali linalorudi kila mara, kutoka Mikindani hadi Lindi mjini, ni lile lile: tujitengenezee kifaa gani cha kupimia? Wengine wamesikia kuwa intaferomita, kifaa kinachopima kwa kukutanisha miale miwili ya mwanga, ndiyo ya kisasa, kwa hiyo wanaona wembe ni mambo ya wazee. Wengine wanataka njia moja tu, waimalize kazi nayo. Mimi naona swali la kwanza ni kioo chako ni cha f/ngapi, na la pili ni njia unayoichagua haioni nini. Kila njia ina upofu wake, na ukiujua upofu huo ndipo unajua njia ya pili ya kuweka kando yake.

Kabla ya yote, hatua ya kusugua kwa unga wa chembe kubwa haihitaji chochote kati ya hivi. Hapo unapima kina cha katikati tu. Kwa kioo hicho cha 200 f/5 kina hicho ni milimita 2.5, na rula iliyonyooka pamoja na maikromita ya karakana (kifaa cha kupimia, si kipimo cha mikromita) vinatosha. Ulinganisho huu unaanza pale kioo kinapong'aa.

Kina cha kazi kwanza

Ukubwa wa kazi haukui kwa kipenyo peke yake. Tofauti ya parabola na tufe hukua kwa kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara nne, na hupungua kwa mzingo wa tufe, yaani umbali kutoka uso wa kioo hadi kitovu cha mpindo wake, ambao ni mara mbili ya fokasi, ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ndiyo maana kioo cha milimita 150 cha f/8 kina tofauti ya nanomita 286 tu pembezoni. Ukichukua tufe linalokaribiana nacho zaidi badala ya lile linalokigusa katikati, tofauti hushuka hadi nanomita 72 hivi. Yaani ukikiacha kiwe tufe safi, bila kukipa parabola kabisa, umekaa karibu juu ya mpaka wa Rayleigh. Kikiwa cha f/10 umeshaingia ndani ya mpaka kwa nafasi nzuri.

Kwa anayeanza hii ni habari njema sana, na nasikitika kuona vijana wanarukia f/5 au f/4 kwa sababu tu bomba lake ni fupi na linabebeka kwenye bodaboda. Kupima tufe ni rahisi kuliko kupima parabola kwa njia zote nitakazozitaja, isipokuwa nyota.

Wembe

Léon Foucault wa Ufaransa aliieleza njia hii mwaka 1858, na mpaka leo sijaona kifaa kinachotoa kingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo. Unahitaji taa ndogo ya LED yenye tundu au ufa mwembamba mbele yake, wembe mpya, na kitelezi kinachosogea mbele na nyuma kikiwa na maikromita yenye mgawanyo wa 0.01 mm. Kioo unakisimamisha ukutani, wewe unakaa kwenye kitovu cha mpindo wake, umbali ulio mara mbili ya fokasi. Kwa f/5 yetu ni mita 2. Huhitaji kukipaka alumini, kwani kioo kitupu huakisi kama asilimia 4 ya mwanga, na hiyo inatosha kabisa.

Mwanga hutoka kwenye ufa, hupiga kioo, hurudi na kukusanyika karibu na ufa. Hapo wembe unaukata taratibu huku jicho likiwa nyuma yake. Kioo kikiwa tufe, uso wote unafifia kwa pamoja kama taa inayozimwa. Kikiwa parabola, kanda zake, yaani pete zake kutoka katikati hadi ukingoni, hazififii pamoja, kwa kuwa ukanda wa nje una kitovu chake cha mpindo mbali kidogo kuliko ule wa katikati. Unaweka kadibodi yenye madirisha mbele ya kioo, unausogeza wembe mpaka madirisha mawili ya ukanda mmoja yafifie sawa, unasoma maikromita, unahamia ukanda mwingine.

Hesabu yake haina fumbo. Ikiwa taa imetulia na wembe peke yake ndio unaosogea, usomaji wa kila ukanda unatakiwa uzidi ule wa katikati kwa nusu kipenyo ya ukanda huo ikizidishwa kwa yenyewe na kugawanywa kwa mzingo wa tufe. Kwa kioo chetu, ukanda wa milimita 40 kutoka katikati unakupa milimita 0.8, wa milimita 70 unakupa 2.45, na wa milimita 90 unakupa 4.05. Ikiwa taa na wembe vimefungwa pamoja na kusogea pamoja, namba zote hizo unazigawa kwa mbili. Andika juu ya mbao ya kitelezi chako, kwa rangi isiyofutika, ni cha aina gani. Anayechanganya hizi mbili anatengeneza kioo chenye parabola nusu au mara mbili, na kila usomaji wake utaonekana umekaa sawa.

Uzuri mkubwa wa wembe ni kwamba unaona uso wa kioo kwa jicho lako, kama vile mwanga wa jioni unavyoonyesha mabonde na vilima. Mchana mmoja kijana wa kidato cha tano alibonyeza dole gumba kwenye kioo kwa muda wa kama nusu dakika, akarudi kuangalia nyuma ya wembe. "Mwalimu, kimeota kinundu!" Kilikuwa kweli pale, duara lenye kivuli upande mmoja, mahali kidole kilipokuwa, kikishuka polepole kadiri glasi ilivyopoa. Joto la kidole tu limeinua glasi, na wembe umeliona. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini tunakiacha kioo kipumzike saa nzima au zaidi baada ya kung'arisha kabla ya kukipima. Glasi ya kawaida ya madirisha hutanuka karibu mara tatu kuliko ile ya borosilikati, kwa hiyo ukitumia kipande cha meza ya kioo ongeza subira.

Na hapa pwani, hewa yenyewe ni mpimaji mwenzako asiyetulia. Zima feni. Usipime saa nane mchana chini ya bati. Mawimbi ya joto yatapita mbele ya kioo na kila ukanda utacheza. Nyumba za kale za Mikindani zenye kuta nene za mawe ya matumbawe ni hazina kwa kazi hii. Ndani yake joto hubadilika polepole, na chumba chenye urefu wa mita tatu kinatosha kwa kioo cha f/5. Kama huna, pima alfajiri.

Sasa upofu wake. Wembe hupima kwenye kipenyo kimoja, kile cha kushoto kwenda kulia. Kioo kikiwa kimepinda zaidi upande mmoja kuliko upande wa kuukata msalaba, yaani kina astigimatizimu, unaweza kupata usomaji mzuri kabisa wa kanda zote na bado nyota ikawa msalaba. Upofu wa pili ni mtu. Jicho lililozoea hurudia usomaji wa kanda za nje ndani ya sehemu chache za mia ya milimita, lakini ukanda wa katikati unapwaya, na anayetamani namba fulani ataiona. Dawa ni mmoja asome na mwingine aandike, msomaji asionyeshwe karatasi. Kadiri kioo kinavyokuwa kifupi, f/4 na chini, kanda zinatakiwa kuwa nyingi na nyembamba, vivuli vinakuwa vikali, na hapo kazi ya wembe inageuka mateso.

Mistari ya Ronchi

Hapa nitapita haraka. Vasco Ronchi wa Italia aliileta njia hii mwaka 1923. Badala ya wembe unaweka kipande chenye mistari myeusi iliyosongamana, mistari minne au mitano kwa milimita, ukatazama kioo kupitia kwacho. Kioo cha tufe kinaonyesha mistari iliyonyooka. Parabola, ukiwa ndani ya kitovu cha mpindo, inaonyesha mistari iliyojibinua nje katikati. Kompyuta inaweza kukuchorea mistari inavyotakiwa kuonekana, ukalinganisha.

Inafaa kwa jambo moja ambalo hakuna njia nyingine inalifanya kwa kasi hiyo: kukagua kioo chote kwa sekunde kumi, kila baada ya duru fupi ya kung'arisha. Ukingo ulioanguka unaonekana kama ndoano mwishoni mwa mistari. Lakini haikupi namba ya kuaminika, na mistari yenyewe ina ukungu pembeni kwa sababu ya tabia ya mwanga kupinda, kwa hiyo kosa dogo linajificha humo. Kuiamini peke yake kwenye f/5 ni kujidanganya.

Intaferomita ya Bath

Mjerumani Karl-Ludwig Bath alibuni mpangilio huu mwaka 1973, na ndio pekee wa aina yake ambao naona mtu wa Mtwara anaweza kuujenga mezani. Vipande vyake ni leza ndogo ya kuelekezea, mchemraba wa glasi unaogawa mwanga, lenzi ndogo yenye fokasi fupi, kioo bapa kidogo, na kamera ya simu. Mwale mmoja hupitia kwenye lenzi, hutawanyika na kujaza kioo chote. Mwingine unaenda mwembamba, hupiga sehemu ndogo tu ya kioo, na ukirudi ndipo unatawanywa na lenzi ile ile. Miale miwili ikikutana hutoa mistari ya mwingiliano, na kila mstari unakueleza urefu wa uso wa kioo kwa kipimo cha urefu wa wimbi la leza. Kwa leza nyekundu, kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni nusu ya wimbi juu ya uso, kitu kama nanomita 325 kwa leza ya nanomita 650.

Kwa kuwa miale yote miwili inakwenda hadi kwenye kioo na kurudi karibu njia moja, mtikisiko hauiui kazi kama kwenye intaferomita nyingine. Hata hivyo msimu wa korosho, malori yanapoelekea bandarini usiku na mchana, mistari iliyotulia inaanza kukimbia lori likipita. Unasubiri lipite, unapiga picha nyingi, unatupa zilizofifia.

Picha unazipeleka kwenye kompyuta. Programu ya DFTFringe ni ya bure, na inasoma picha hizo na kukurudishia ramani ya kioo chote, kilima kwa kilima. Hapa ndipo intaferomita inapouacha wembe mbali, maana astigimatizimu inaonekana waziwazi, na ukanda wa katikati haupwayi. Zaidi ya hapo, namba haitegemei matamanio ya anayetazama.

Lakini sikiliza hili vizuri, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Intaferomita haijui unataka parabola. Programu inaiondoa tofauti inayotarajiwa kati ya parabola na tufe kwa hesabu, ikitumia kipenyo na mzingo ulioingiza wewe. Ukikosea kipenyo kwa asilimia 1, kwa mfano umepima hadi mwisho wa ukingo uliochongwa badala ya mwisho wa uso unaong'aa, hesabu ya parabola inahama kwa karibu asilimia 4. Ukikosea mzingo kwa asilimia 1, inahama kwa asilimia 3. Ramani itatoka nzuri yenye rangi, na itakuwa ramani ya kioo kingine. Kwa hiyo futi ya kamba uliyoikunja mfukoni ndiyo inayobeba uzito wa leza yako yote. Pima mara kadhaa, na mtu wa pili apime bila kujua ulipata ngapi.

Upofu wake mwingine ni kishikio. Kioo kikisimamishwa kwenye misumari miwili ya chini hulegea kwa uzito wake, na intaferomita inakionyesha kulegea huko kama astigimatizimu ya kioo. Weka alama ya upande wa juu nyuma ya kioo, pima, zungusha nyuzi 90, pima tena. Kosa linalozunguka pamoja na kioo ni la kioo. Linalobaki mahali pake ni la kishikio. Kishikio chetu alikitengeneza seremala wa mninga aliyezoea kazi ya mpingo, na baada ya kuona picha hizo mbili alisema, "Basi Mwalimu, mbao yangu ndiyo inayobana," akaichonga upya akikipa kioo mkanda wa kukikumbatia kutoka chini badala ya misumari.

Kipimo cha kufuta, na somo la Hubble

Kuna njia za kuongeza lenzi au kioo kingine ili tofauti ya parabola ifutike na ionekane kama tufe, uso wote ufifie kwa pamoja nyuma ya wembe. Horace Dall wa Uingereza alifanya hivyo kwa lenzi moja ndogo. Nyingine hutumia kioo bapa kikubwa sawa na kioo chako, ambapo mwanga hupiga kioo chako mara mbili na kosa huonekana maradufu. Hiyo ya kioo bapa ni safi kabisa kinadharia, ila kupata kioo bapa cha milimita 200 kilicho sahihi ni kazi nzito kuliko kioo unachotaka kukipima.

Ya lenzi inavutia kwa urahisi wake, na hapo ndipo ninapoweka onyo zito. Usahihi wote unategemea umbali kati ya lenzi na taa. Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo kikuu cha mita 2.4 kilichong'arishwa kwa uangalifu wa ajabu kuelekea umbo lisilo sahihi. Kifaa cha kufuta kilichotumika kukipima kilikuwa kimefungwa na nafasi iliyokosewa kwa milimita 1.3, na ukingo wa kioo ukatoka bapa kupita kiasi kwa mikromita 2 na kitu. Kilichouma zaidi ni kwamba vipimo vya vifaa vingine vilikuwa vimeonyesha kuna tatizo, vikaachwa kwa sababu kifaa kile kikuu kiliaminika kuliko vyote. Wanaanga walikwenda kurekebisha picha zake Desemba 1993. Kwa hiyo atakayeniambia anatumia lenzi ya Dall peke yake nitamwuliza kwanza ana kipimo gani cha pili.

Nyota

Nyota haidanganyi, lakini haisemi mengi. Unaweka kioo ndani ya darubini yake, unaelekeza nyota angavu, unaitoa kwenye fokasi kidogo ndani kisha kidogo nje. Duara mbili zikifanana, kioo ni kizuri. Zikitofautiana, kuna kosa la parabola. Zikinyooka kuwa yai linalogeuka nyuzi 90 kutoka ndani hadi nje, ni astigimatizimu, ile ambayo wembe haukuiona.

Kwa kusini yetu majira yanahesabika. Kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika, anga la Msimbati ni jeusi na mawingu ni machache, ingawa kusi likivuma kwa nguvu nyota hutikisika. Mapema usiku wa Juni tumia Arcturus, si Alpha Centauri, kwa kuwa hiyo ya pili ni nyota mbili karibukaribu na itakuchanganya. Wakati wa mvua, unaweza kusubiri wiki nzima usipate usiku mmoja unaofaa, na kioo kiko mezani kinasubiri uamuzi. Ndiyo maana nyota nimeifanya hakimu wa mwisho na si kifaa cha kazi ya kila siku.

Vioo vidogo na lenzi

Fundi simu mmoja aliniuliza kama wembe unaweza kupima lenzi za kamera ya simu, ambazo nazo si za tufe. Hapana. Ni ndogo, nyuso zake zimepinda mno, na nyingine zimebinuka, hazirudishi mwanga mahali ambapo wembe unaweza kuukata. Viwandani hutumia profilomita yenye sindano nyembamba inayoburuzwa juu ya uso, au intaferomita yenye hologramu iliyokokotolewa na kompyuta kwa umbo hilo moja tu. Hizo hazijengwi mezani.

Nimchagulie nani nini

Kioo chako cha kwanza, milimita 150 ya f/8 au ndefu zaidi: tengeneza wembe, basi. Lenga tufe safi, kisha sukuma kidogo kuelekea parabola kama una moyo, na umalizie kwa nyota.

Kioo cha milimita 200 ya f/6: hapa tofauti ya pembezoni ni nanomita 904, na wembe unaotembea peke yake unasafiri milimita 4.17 kutoka katikati hadi ukingoni, urefu unaosomeka vizuri kwa maikromita. Wembe uwe njia kuu, mistari ya Ronchi iwe ya kukagua kati ya duru, na kama kuna kundi jingine lenye Bath, peleka kioo kwao mara moja kabla hujatangaza kimekwisha.

F/5 na chini: jenga Bath, lakini usiutupe wembe. Pima kwa zote mbili siku ile ile, kioo kikiwa kimepoa sawa, halafu linganisha umbo la ukanda kwa ukanda. Zikikubaliana, endelea. Zisipokubaliana, simamisha kung'arisha kabisa, rudi kwenye futi upime upya kipenyo na mzingo, uangalie taa ya wembe imefungwa au inasogea, uzungushe kioo nyuzi 90. Usiiguse lami ya kung'arishia mpaka ujue ni kifaa kipi kimekosea na kwa nini.

Na kama kundi lenu lina fedha ya kifaa kimoja tu kwa sasa, anzeni na kitelezi kizuri chenye maikromita imara. Kitabeba wembe leo, kipande cha mistari kesho, na Bath mtakapoipata, kwa kuwa yote matatu yanakaa kwenye kitovu kile kile cha mpindo.